Taa ya ABS ikiwaka usikimbilie kununua sensa

Mwadila! Kule nyuma chini ya mwembe mbona hamuitiki? Mwadila tena! Haya sasa. Shikamooni wazee wangu, madereva mliotutangulia barabarani, na nyie vijana wa gereji nawapa marahaba yenu mapema kabisa maana najua hamtanisalimia. Mwenyekiti kaniambia nina nusu saa, lakini mi na maiki tunajuana, kwa hiyo nikizidisha mtu aje anivute shati.

Nimeambiwa niongelee taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki. Kabla sijasema lolote naomba mgeuke muangalie ile Spacio nyeupe pale getini. Imeingia hapa leo asubuhi taa ya njano inawaka, mwenyewe yupo kati yenu simtaji, na mfukoni ana risiti ya sensa mbili za mbele, vile vifaa vya kusoma mzunguko wa tairi, alizofungiwa wiki iliyopita. Sensa mbili mpya, pesa imeenda, taa iko pale pale. Nimemuomba asiiguse mpaka nimalize, alafu tutaipima wote hapa hapa mchana kweupe, ili mtu asije akasema yule mzee alikuwa anapiga porojo tu.

Na simcheki jamani, mi mwenyewe hiyo pesa nishaitupa. Miaka hiyo naendesha Hiace ya Igoma, umeme wa gari naujua kama ninavyojua Kichina, nikajikusanya nikanunua Corolla 110 ya kwangu mwenyewe ya kutembelea na mama watoto. Miezi minne mitano taa ya ABS ikawaka. Nikaenda gereji moja, siitaji na msiniulize, fundi akachungulia dakika mbili akasema mzee hii ni sensa ya mbele kushoto. Nikanunua. Taa ikazima siku moja ikarudi. Akasema basi ni ya kulia, nikanunua na ya kulia. Ikarudi. Akaanza kuniambia habari za kontroboksi, ule ubongo wa ABS, na bei aliyoitaja mi nikaona bora nitafute baiskeli. Nikakaa na taa yangu mara inawaka mara inazima karibu mwaka mzima, mpaka siku moja taa imezima, nashuka Mabatini kwenye foleni, niko mwendo wa bajaji, barabara kavu kabisa, nakanyaga breki nisimame nyuma ya bajaji moja yenye magunia ya mkaa, pedali ikaanza kunitetemekea mguuni krrrr, gari haisimami, inateleza taratibu kama imepakwa mafuta. Nilisimama kwa neema ya Mungu, bampa na gunia vimeachana kidole.

Hiyo krrrr nitairudia, ishikilieni.

Sasa kwanza tuelewane ABS ni nini, kwa kifupi tu maana wengine mnajua. Sio kitu kipya, Bosch wameanza kuifunga kwenye Mercedes S-Class mwaka 1978, wengine hapa hamjazaliwa. Kazi yake ni moja, kuzuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, kwa sababu tairi lililojifunga linaburuzika, na gari inayoburuzika hata ukikata usukani haikusikilizi, inaenda inakotaka yenyewe. Kuna mtu ataniambia kwenye changarawe na vumbi ABS inarefusha kusimama, ni kweli, sibishi, kwenye vumbi laini tairi likijifunga linajichimbia kidogo na linasimama mapema. Lakini wewe siku ukikutana na mvua pale unashuka kilima cha Bugando na watu wanavuka, utanitafuta.

Ili ifanye hiyo kazi lazima ijue kila tairi linazunguka kwa kasi gani, na hapo ndo anaingia huyu bwana sensa. Mnakumbuka sensa ya watu na makazi ya 2022, karani anapita nyumba kwa nyumba anauliza mlilala wangapi? Na huyu ni karani hivo hivo, sema yeye hahesabu watu, anahesabu meno. Kwenye drai shafti, ile shafti inayozungusha tairi, pale kichwani kwa sivi ya nje, ile jointi yake upande wa tairi, au kwenye hab linapofungwa tairi, kuna ringi ya chuma ina meno, Toyota nyingi ni arobaini na kitu. Tairi la rimu 14 likizunguka mara moja linatembea karibu mita 1 na senti 80 au 90, kwa hiyo kila jino likipita mbele ya sensa gari imesogea kama sentimita 4. Karani anaandika, jino, jino, jino, anapeleka makao makuu. Makao makuu ni ile kontroboksi, inapokea kutoka tairi zote nne inalinganisha. Tairi moja likipunguza kasi ghafla kuliko wenzake inajua hilo linataka kujifunga, inaliachia presha ya breki kidogo, inabana, inaachia, mara nyingi kwa sekunde.

Sasa taa ikiwaka maana yake nini? Mara nyingi maana yake makao makuu wanasema "taarifa za tairi fulani sizielewi". Basi! Haijasema karani amekufa. Inaweza karani yuko mzima ila nyumba anazohesabu zimebomoka, yani meno. Inaweza barabara ya kupeleka taarifa imekatika, yani waya. Inaweza amekaa mbali haoni vizuri. Fundi anayesikia ABS akakimbilia dukani kununua sensa ni kama mtu anapiga simu hasikii sauti anaenda kununua simu mpya, kumbe mwenzie ndo yuko Ukerewe kwenye kona haina mtandao.

Sasa tuanze kazi, na hapa naongea na mwenye gari kama ninavyoongea na fundi, maana hatua za mwanzo mwenye gari anaweza kufanya mwenyewe na asiibiwe.

Ukiweka swichi on, taa ya ABS lazima iwake sekunde chache alafu izime. Isipowaka kabisa usifurahi. Hiyo gari huenda kuna mtu kaichomoa balbu, na wajanja zaidi wanaiunga na taa ya oili, hiyo inawaka ila inangoja injini iwake ndo zizime pamoja, nimeziona za hivyo zaidi ya moja hapa Nyakato. Kwa hiyo mnaoenda kununua gari kwa mtu, kabla hujapiga tairi mateke na kufungua boneti kujifanya unajua, weka swichi on utulie, hesabu taa. Ikiwaka ABS peke yake ukiendesha, breki zako za kawaida zipo, endesha kistaarabu uende kwa fundi. Ikiwaka ABS na ile nyekundu ya breki pamoja na handibreki umeshusha, hapo simama kwanza, angalia oili ya breki kwenye kikopo, na kama oili ipo bado ujue mgawanyo wa breki za nyuma na mbele nao umeondoka, tairi za nyuma zinaweza kujifunga kabla ya za mbele na gari ikakuzungukia barabarani. Hiyo sio ya kwenda nayo Musoma.

Alafu soma kodi. Sio kodi ya TRA, tulieni, ni namba ya kosa ambayo gari imejiwekea. Kile kimashine kidogo cha bei rahisi cha bluetooth mnachochomeka na simu, vingi vinasoma injini tu, ukikiuliza ABS kinakwambia gari nzima, na fundi anakwambia mashine imeonyesha iko vizuri. Mashine haikuulizwa! Tafuta mashine inayoingia kwenye ABS yenyewe. Lakini Toyota zetu hizi za zamani hata mashine hazihitaji, zinaongea zenyewe kwa taa. Ile soketi chini ya usukani ina matundu 16, unaunga tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, swichi on, taa ya ABS inaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika hamna kodi. Ikipepesa tatu, ikapumzika kidogo, ikapepesa moja, hiyo ni 31, mbele kulia. 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Na kulia ni kulia kwako ukiwa umekaa kwenye gari, sio ukiwa umesimama mbele ya boneti, msicheke, kuna mtu kafunga sensa upande sio kwa ajili ya hilo na mtu huyo anaongea na nyie sasa hivi. Na tafadhali hesabu matundu vizuri kabla hujachomeka waya, tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, ukiugusisha na bodi unaunguza fyuzi alafu unaanza kutafuta tatizo jipya.

Kodi imekuonyesha mtaa, haijakuonyesha nyumba. Sasa piga jeki, weka stendi, STENDI, sio tofali, toa tairi, kaa chini na tochi. Mi huwa naanza na macho na vidole kabla ya mita yoyote ya umeme.

Anza na waya. Sensa za mbele waya wake unapita kwenye shokapu alafu unaingia ndani ya fenda, na kila unapokata kona waya unajikunja na kujikunjua, miaka ishirini, kona za Mwanza hii yenye mawe kila mahali, piga hesabu mwenyewe. Kwa nje unaona mpira mzima kabisa, ndani shaba imekatika nyuzi zote imebaki inagusana kwa bahati. Pitisha vidole taratibu unaminya, ukifika palipokatika unasikia pamelegea, panajikunja kirahisi kuliko pengine. Alafu angalia kama vile vibano vya kushikilia waya vipo vyote, fundi wa shokapu mara nyingi akimaliza kazi anaacha kimoja hakijafungwa, waya unaning'inia, tairi linaulamba kidogo kidogo mpaka siku linaula.

Alafu soketi. Hapa niwape kisa cha mama mmoja wa Mwaloni Kirumba, mfanyabiashara, ana Probox. Kodi inasema nyuma kulia. Kaja kwangu ananiambia baba, mi sitaki maelezo marefu, mimi nataka taa izime nina mzigo. Nimepima sensa, nzima. Nimepima kule kontroboksi, hamna kitu kinafika. Nikaanza kufuata waya mpaka ndani ya gari upande wa nyuma, nafunua kapeti, harufu iliyotoka pale sitaisahau. Kayabo! Mnajua sangara wa chumvi anavyochuruzika. Yule mama amebeba kayabo miaka na miaka, maji ya chumvi yanapita kwenye turubai yanaingia chini ya kapeti, soketi ya waya wa ABS iko pale pale chini. Naivuta inabaki nusu mkononi, pini imekuwa unga wa kijani. Nilikata zile sentimita kama kumi, nikaweka soketi ya mtumba niliyoitoa skrepa, nikainyanyua juu nikaifunga pembeni pasipofika maji, kazi ya saa moja na nusu. Angekimbilia sensa mpya, pesa yake ingetupwa bure.

Na ukiunga waya huo, vijana nisikilizeni, msiunge kwa kuzungusha na kupiga selotepu kama mnaunga waya wa spika. Zile nyaya mbili mara nyingi zimesokotwa pamoja kama ukili, na zimesokotwa makusudi, ili kelele za umeme wa gari zisiingie kwenye taarifa, ukizikunjua ukaziacha zimetengana unaweza kupata kodi mpya ambayo haikuwepo. Zisokote tena. Na usiunge pale panapojikunja, risasi ya kuchomea inaufanya waya uwe mgumu, pembeni ya kiungo patakatika tena kabla ya Krismasi. Nenda mbele au nyuma ya hapo.

Sasa meno, na hapa nairudia ile krrrr yangu.

Baada ya ile bajaji ya mkaa nilipelekwa na rafiki kwa mzee mmoja, Mungu amrehemu, kibanda chake hata bango hakina. Nikamwambia mzee nina sensa mbili mpya na gari inakataa kusimama. Hakuuliza kodi. Aliuliza kitu kimoja, inafanya hivo ukiwa kasi au ukikaribia kusimama? Nikasema ukikaribia kusimama. Akacheka akasema, "sensa yako nzima, ringi imepasuka". Hajagusa gari! Tukatoa tairi, akaweka gia fri, akazungusha drai shafti kwa mkono taratibu huku kaweka ukucha wa kidole gumba juu ya meno ya ile ringi. Tik, tik, tik, tik, tok. Akarudisha. Tok. Akaniambia weka ukucha wako. Nikaweka, nikausikia ufa, mwembamba kama unywele, ila kati ya meno mawili pamefunguka kuliko kwingine. Chini ya ringi kutu. Kutu ikiota chini ya chuma inavimba, inaisukuma ringi kutoka ndani mpaka inaachia. Na gari zetu hizi nyingine zimetembea Japani kwenye theluji, kule barabarani wanamwaga chumvi, zinakuja hapa, juu zinang'aa, chini ukichungulia unaona huruma.

Sasa kwa nini inafanya krrrr karibu na kusimama? Karani anahesabu, jino, jino, jino, anafika kwenye ufa, nafasi ni kubwa, jino limechelewa. Makao makuu wanasema aa, hili tairi limepunguza kasi ghafla, linataka kujifunga, achia breki! Na wewe uko mwendo wa kutembea, bajaji iko mbele yako. Ukiwa kasi huo mchelewo ni mdogo sana hauonekani, ukiwa polepole ndo unaonekana mkubwa. Kwa hiyo wengine hata taa haiwaki, gari inakuletea tu hiyo krrrr barabara kavu, na fundi anakubadilishia brekipedi, anakubadilishia diski, anakubadilishia masta silinda, na wewe unalipa.

Ringi iliyopasuka haichomelewi. Nimeona mtu kachomelea, kaweka donge la welding pale kati, sasa badala ya jino moja kuchelewa kuna jino lina kitambi. Tafuta ringi nyingine yenye idadi ile ile ya meno, hesabu kwa chaki usikadirie, au badilisha sivi yenyewe. Na hapo kwenye sivi pana mtego mwingine, dukani zipo sivi zenye ABS na zisizo na ABS. Zisizo na ABS ni rahisi kidogo, zinaingia vizuri tu, gari inatembea, ila hazina ringi, karani anakaa pale anahesabu hewa. Ukibadilishiwa sivi leo na taa ikawaka kesho usihangaike na sensa, mpigie simu aliyekufungia sivi.

Ndugu yake huo mtego ni beringi. Magari mengi ya miaka ya karibuni kidogo hayana meno ya chuma, meno yake ni sumaku zimepangwa ndani ya sili ya beringi, kwa macho unaona mpira mweusi tu upande mmoja. Fundi akiifunga beringi kinyume nyumecho inazunguka laini kabisa, haina kelele, na ABS imekufa. Na ukiigonga nyundo upande huo au ukaiweka mezani karibu na sumaku ya spika umeiua kabla hujaifunga. Na beringi iliyochoka, ambayo ukishika tairi juu na chini ukitikisa linacheza, nayo inasumbua, kwa sababu nafasi kati ya sensa na meno ni ndogo mno, kwenye gari nyingi ni milimita moja hivi au chini yake, hab ikicheza nafasi inapanuka na kubana, karani mara anaona mara haoni.

Kutu pia inaleta hilo hilo. Inaota kwenye lile tundu sensa ilipokaa, inaisukuma sensa juu kidogo kidogo. Sensa nzima, waya mzima, meno mazima, ila imesogezwa. Kuitoa hiyo ndo kazi yenyewe, usiigonge, usiivute kwa plaizi, plastiki itakatika kichwa kibaki ndani utoboe kwa drili siku nzima. Fungua boluti, pulizia WD-40, nenda kanywe chai, rudi pulizia tena, izungushe kushoto kulia kidogo kidogo mpaka iachie yenyewe. Ikitoka angalia ncha yake, kama ni ya sumaku utakuta ina ndevu, zile chenga za chuma za diski zimejishikia. Futa kwa kitambaa, piga msasa tundu na mahali inapokalia mpaka chuma cheupe, rudisha. Nimezima taa ngapi kwa msasa wa shilingi mia tano, na ukweli ni kwamba mteja hapendi kulipa kazi ya msasa, anaona hujafanya kitu. Mwonyeshe zile ndevu.

Mita sasa. Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Sensa za zamani za waya mbili ni koili na sumaku tu, hazihitaji umeme, meno yakipita zinazalisha zenyewe. Chomoa soketi, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya, nyingi zinasoma kati ya 800 na 2000 na kitu. Usikariri namba, pima kushoto pima kulia, zinatakiwa zifanane. Isiposoma chochote koili imekatika. Alafu pima kati ya waya mmoja na bodi ya gari, hapo isisome chochote, ikisoma imeshoti. Na usipime ikiwa imetulia ukaridhika, mwambie mtu akate usukani mwisho kushoto mwisho kulia wewe unatazama namba, na tikisa waya, namba ikirukaruka umempata. Mwisho weka mita kwenye volti za AC, zungusha tairi kwa mkono kama mzunguko mmoja kwa sekunde, inatakiwa ionyeshe kitu, milivolti mia hivi, na ukizungusha haraka ipande.

Zile sensa mpya zinazopewa umeme na kontroboksi, msiziwekee omu, haikuambii kitu cha maana. Hizo pima kama umeme unafika kwenye soketi swichi ikiwa on, alafu mengine soma kwenye mashine. Na mashine ina kitu kizuri kuliko kodi, inaonyesha kasi ya tairi zote nne papo hapo. Chukua mtu akae pembeni ashike mashine, dereva aangalie barabara, tafadhali, nendeni pale Buhongwa kuelekea Usagara kukinyooka, mwendo wa 30 au 40 tu. Tatu zinasoma 40 moja inaruka 40, 12, 0, 38, huyo ndo wako. Na kama moja inasoma juu kuliko wenzake muda wote bila kuruka, angalia size ya tairi kabla ya kitu kingine, kuna mtu kafunga spea ya gari nyingine.

Naona mwenyekiti ananisogelea shati. Swali moja basi, kaka wa kofia. ...Anauliza, kwa nini nisichomoe fyuzi ya ABS yaishe. Utaishi, kaka, breki zitakuwepo, ila kama gari yako inagawa breki za mbele na nyuma kwa ABS, mgawanyo huo nao unaondoka. Ila taa haitazima, itawaka moja kwa moja, na siku nyekundu ikiwaka pembeni yake hutaishtukia kwa sababu umeshazoea dashibodi yako kuwa kama mti wa Krismasi. Mwite fundi apime, ni saa moja ya kazi.

Haya, ile Spacio. Mwenyewe njoo, usione aibu, umekaa wapi? Njoo kaa kwenye siti yako, usiwashe injini, swichi on tu. Kijana wangu leta kile kiwaya, tundu la nne... hapana, hesabu kutoka kushoto, juu, moja mbili tatu nne, ndo hilo. Na la kumi na tatu mstari wa chini, la tano. Vizuri. Mliokuwa mwembeni sogeeni muone taa, hesabuni kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kapumzika. Moja, mbili, tatu... nne.

Rudia tena tuwe na hakika. Tatu. Nne.

Nyuma kushoto, na sensa zimefungwa mbele. Leteni jeki, na stendi.